Shikamoo Mpira Ukiwa Hewani

Nina hasira na watu ambao hawanijui na hawatanijua. Ni wanaume wa visiwa vya Karibi, wanaovaa rangi ya damu ya mzee na kucheza kriketi kwa jina la West Indies. Wakiwa kwao, mechi zao nyingi huanza jioni kwa saa zetu, wakati mimi nafunga kibanda changu cha mchele na maharage hapa Tunduma, kwa hiyo simu huwa nimeiegemeza kwenye debe nikitazama. Juzi nilimtisha mteja. Mdakaji wao mmoja alipelekewa mpira laini, wa kupokea kama unavyopokea mtoto mchanga, ukamgonga viganjani ukaanguka kwenye nyasi. Nikalibamiza kopo la kupimia juu ya meza, maharage yakaruka, na mama wa watu aliyekuwa anachagua mchele akarudi nyuma akaniuliza kama amenikosea.

Asiyejua kriketi aelewe hili moja tu, linatosha. Mpigaji akiupiga mpira ukapanda hewani, nawe ukaudaka kabla haujagusa ardhi, mpigaji ametoka, anaenda kukaa. Ukiuachia, anabaki. Hapo ndipo ubaya ulipo. Golikipa wa soka akitema mpira anafungwa goli moja, mpira unarudishwa kati, maisha yanaendelea. Kwenye kriketi yule uliyemwachia yuko pale pale mbele yako na gongo lake, amepumua, amekuchekea, na anaweza kuendelea kukuchapa mpaka jua lizame. Unashinda ukimtazama mtu ambaye ulipaswa kuwa umeshamwondoa.

Na hawa wangu wana kipaji cha kumwachia yule yule asiyefaa kuachiwa. Warushaji wao wanatoka jasho kumtega mtu, wanamtega kweli, anakosea, mpira unakuja. Halafu mmoja aliyesimama anawaza mambo yake anafungua mikono kama anafungua dirisha. Kisha anajitazama viganja, eti kosa ni la viganja. Huwa natamani kuingia kwenye simu nimkamate shati.

Ugonjwa huu niliupata nikiwa sekondari huko Mbozi. Alikuja mwalimu wa hesabu wa kujitolea, mtu wa kisiwa kimoja cha huko Karibi, mweusi kuliko sisi wote, tukabaki tunaulizana ni Mzungu wa aina gani huyu. Wavulana walikuwa wameumiliki uwanja na mpira wa soka, basi akawakusanya wasichana akatufundisha kriketi kwa gongo alilolichonga mwenyewe kwa mti wa mkaratusi. Alikuwa na redio ndogo ambayo usiku aliibana sikioni. Asubuhi akiingia darasani hajachana nywele, tulijua jana timu yake imeachia mipira. Alituambia kudaka si suala la mikono, mikono kila mtu anayo. Ni kukubali kwamba kwa wakati ule hakuna kingine duniani ila ule mpira. Alipomaliza muda wake akarudi kwao, akaniachia timu yake nizeeke nayo.

Aliyenirithi ni mtoto wa kaka yangu. Kaka analima kahawa na mahindi kule juu Mbozi, na binti yake anakaa kwangu Chapwa, hapa hapa Tunduma, kwa ajili ya shule, sasa yuko kidato cha tatu. Nilimwanzisha jikoni kwa vitunguu. Nikiwa namenya viazi nilikuwa namrushia kimoja bila kumwambia, naye anakidaka kwa mkono mmoja huku mkono wa pili unasonga ugali. Sikumbuki mara ya mwisho alipokosa. Kila Jumamosi nilikuwa nafunga kibanda mapema, nawafundisha yeye na wenzake wa shule kwenye uwanja wa kule Mpemba, malori yakiwa yamejipanga barabarani kungoja kuvuka mpaka. Madereva wa Zambia wakichoka kulala kwenye malori walikuwa wanakuja kukaa kwenye nyasi kututazama.

Mwaka huu zikaja habari shuleni kwamba watu wawili watatoka Dar kuangalia wasichana wa mkoa wetu, wachague wawili wa kwenda kambi ya timu ya vijana ya taifa. Binti aliposikia, chakula kikaanza kumshinda. Ni mtoto asiyeomba kitu. Hata viatu vya shule haombi, anangoja mpaka nione mwenyewe vimetoboka. Lakini kambi ile aliitaka, na aliniambia kwa mdomo wake tukiwa tunaanua nguo.

"Shangazi, nataka kwenda."

"Utaenda," nikamjibu.

Sasa nimseme kaka yangu. Kwetu mwanamke humsalimia mkubwa akiwa amepiga magoti. Anapiga makofi ya taratibu, viganja vimekunjwa kidogo visitoe kelele, na hanyanyuki mpaka salamu iishe. Na salamu yetu haiishi kwa neno moja. Kuna habari za nyumbani, za shamba, za wagonjwa, za mvua. Mimi nina mvi kichwani na bado namsalimia kaka kwa magoti. Sina ugomvi na desturi hiyo, nililelewa nayo, na binti nimemlea nayo vile vile. Ugomvi wangu ni na wanaojua kuitumia. Kaka yangu akifika mahali husimama akangoja asalimiwe, na akiona umechelewa, anakohoa.

Siku ya mechi ya kuangaliwa na wale wa Dar, walikuja wasichana wa Vwawa. Walikuwa na mpigaji mmoja mrefu, wa mkono wa kushoto, mtoto mwenye nguvu za kubeba gunia. Alipenda kupiga juu, upande wa barabara, kwa hiyo kule nikamweka binti yetu, mbali, karibu na mstari wa majivu tulioumwaga kuzunguka uwanja. Mapema tu alikuwa amedaka mpira mmoja mgumu akikimbia kinyumenyume, na yule mama aliyetoka Dar akamgusa mwenzake begani kwa kidole. Mimi nilikiona kidole kile.

Kisha kaka yangu akateremka barabarani, na kofia yake ya kanisani. Nilikuwa nimempigia simu kumwambia mwanawe anacheza, na kusema kweli nilifurahi, nikadhani amekuja kumwona acheze. Njia ya kufika tulipokaa ilizunguka nje ya uwanja. Kila mtu aliipita hiyo, hata mbuzi. Yeye akauvuka mstari wa majivu, akaingia ndani, akaenda moja kwa moja alipo mwanawe, akasimama kando yake akangoja.

Wakati ule ule yule msichana mrefu wa Vwawa akaupiga mpira. Ulipanda juu sana, ukawa kitu kidogo cheusi, ukaanza kurudi. Binti alikuwa ameshasogea chini yake. Hakuhitaji kukimbia, hakuhitaji kuruka, alikuwa amesimama pale pale utakapotua, mikono imekaa tayari. Mtu wa kwanza wa kusherehekea nilikuwa mimi, nilishanyanyua kanga.

Nikaona kaka anapeleka ngumi mdomoni. Nilikuwa mbali, kikohozi chenyewe sikukisikia, lakini nimekisikia utoto wangu wote na najua kinavyokaa. Binti akageuza shingo. Akamwona baba yake. Na magoti yale, Mungu wangu, magoti yale yakashuka yenyewe. Mikono iliyokuwa imekunjwa kupokea mpira ikakutana kifuani ikaanza kupiga makofi ya heshima, taratibu, kama nilivyomfundisha. Mpira ukaanguka kwenye nyasi nyuma yake.

"Iwe, bola!" dereva mmoja wa Zambia akapiga kelele, akimwonyesha mpira kwa mkono. "Bola, mwana!"

Binti hakugeuka. Angegeukaje, baba yake alikuwa bado anaitikia. Nilimwona kaka anauliza jambo, binti anajibu, kaka anauliza jingine. Wasichana wa Vwawa walikuwa wanakimbia kwenda na kurudi katikati ya vijiti vilivyosimikwa kila upande wakichukua pointi zao, na pale pembeni watu wanaulizana habari za mahindi. Mwenzake mmoja ilibidi akimbie kutoka upande wa pili kuja kuuokota mpira.

Lakini bado sijafika kwenye kilichoniwasha zaidi. Waliokaa nyuma yangu walipiga makofi. Mzee mmoja wa kanisani kwetu akasema, "Huyu mtoto kalelewa," na mama mmoja akaongeza kwamba wasichana wa namna hii siku hizi hawapo, atakayemwoa amepata. Wakanipongeza na mimi. Wakanishika mkono. Mtoto ametoka kupoteza kitu pekee alichowahi kukitamani, na wao wananishika mkono.

Yule mrefu wa Vwawa tulishinda tukimtazama mpaka mwisho. Alitupiga upande wa barabara, akatupiga upande wa kanisa, akatupiga mpaka madereva wakarudi kwenye malori yao. Jioni yule mama wa Dar alimchagua yeye, akamchagua na mwenzake mmoja, kisha akanifuata mimi. Alikuwa mpole, na hilo nalo liliniuma.

"Binti yako ana mikono mizuri, mama," aliniambia. "Lakini kule tunahitaji mtu ambaye hakuna kinachomtoa mchezoni."

Ningesema nini, kwamba hakutolewa na kitu, alitolewa na baba yake?

Nyumbani nilimkuta kaka ameshakaa kwenye kiti kikubwa. Uwanjani tulikuwa hatujasalimiana, kwa hiyo nilipiga magoti, nikapiga makofi, nikasema shikamoo. Kisha sikunyanyuka. Nilimgombeza nikiwa pale pale chini, maana ningesimama ningemrushia kitu.

"Kaka, umemkosesha mtoto kambi."

"Mimi? Mimi niliugusa huo mpira?"

"Ulikohoa."

"Vumbi lote lile la barabarani, nisikohoe?"

"Ulimwona anaungoja mpira."

"Nilimwona anatazama mawinguni, baba yake kasimama. Mpira si ungeokotwa tu? Kwani ulipasuka?"

"Ukishaanguka umekwisha, kaka. Kuuokota hakusaidii."

"Basi huo ni mchezo wa watu wasio na wazazi," akasema, akaniuliza kama chai ipo.

Chai ilikuwepo. Binti aliileta mwenyewe, kwa magoti, akarudi jikoni. Hakulia, hakununa. Lakini siku chache baadaye nikiwa namenya viazi nilimrushia kimoja kama kawaida yetu. Alikitazama kinavyokuja. Kikampiga kifuani, kikaanguka sakafuni, akainama akakiokota, akakiosha, akanirudishia kwenye sufuria. Nilimaliza kumenya vile vingine sioni vizuri. Ningekuwa na kaka yangu mbele yangu wakati ule, sijui.

Mwezi uliofuata akateremka tena, safari hii kwa shughuli za kahawa, akalala kwetu. Jioni nilikuwa sebuleni natazama West Indies, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai. Sikumkaribisha kutazama. Alikaa tu, akaanza kuchungulia, akauliza yule mwenye gongo anafanya nini, na kwa nini wale wengine wamesimama mbali. Nilimjibu kwa kifupi, kwa mdomo uliobana. Lakini kaka ni mtu wa kushika jambo haraka, na ni mtu wa ushindani. Muda si muda alikuwa amesogeza kiti, anaunga mkono wenye rangi ya damu ya mzee, anamlaumu mrushaji.

Chakula kikawa tayari. Binti akaja na beseni na jagi la maji ya uvuguvugu, akapiga magoti mbele ya baba yake, akaanza kumnawisha. Mtoto alikuwa ameipa simu mgongo.

Mpira ukapigwa juu. Haukupigwa vizuri, ulikuwa mpira wa zawadi, unaelea. Mdakaji wa West Indies akasogea chini yake, akainua mikono, na mimi nikajua. Miaka yote hii imenifundisha, huwa najua kabla. Ukamgonga kwenye viganja, ukaanguka.

Kaka yangu akaruka kwenye kiti, maji yakamwagika nje ya beseni.

"Sasa huyu naye," akasema. "Mpira umemfuata mwenyewe mpaka mkononi. Mtu mzima anaachiaje mpira kama ule?"

Binti aliendelea kummiminia. Aliongea kwa sauti yake ya kila siku, ile ya kumwambia mtu maji yamepoa.

"Labda baba yake alikuwa anapita."

Nilimtazama kaka. Nilimngojea akohoe. Hakukohoa. Alibaki na mikono yake miwili juu ya beseni, imekunjwa kidogo, na binti akamimina mpaka jagi likaisha, wala hakuitoa. Kwenye simu yule mpigaji aliyeachiwa alikuwa anakaza glavu zake, anajiweka sawa aendelee.