Sindano ya Benta, Bomba la Kiilu

Kampala nimeona watu wakienda kwa kinyozi na wembe wao. Ruiru, mwaka wa 1997, walikwenda kwa Kiilu na sindano zao. Kiilu aliwahi kufagia wodi. Sasa aliwadunga watu dawa nyuma ya duka lake. Redio ilikuwa imewatisha kuhusu ukimwi, kwa hiyo hakuna aliyekubali sindano ya mwenzake.

Benta, msokota uzi katika kiwanda kimoja cha Thika, aliweka yake kwenye mkebe wa kakao na kuichemsha kila Jumapili. Alikuwa ameishi na virusi vya ukimwi kwa miaka mitatu, na hakumwambia mtu. Sindano ile ndiyo iliyompa amani kwamba hamwambukizi yeyote.

Kisha macho yake yakageuka manjano.

"Benta, umemaliza karoti zote za soko la Ngoliba?" wenzake wakamtania.

Daktari Zahra, wa hospitali ya Thika, alituma damu ya Benta Nairobi. Majibu yalirudi baada ya wiki tatu.

"Mama, ni homa ya ini, aina ya C. Inapitia kwa damu. Ukiwa pia na virusi vya ukimwi, ini huharibika haraka. Pombe uache leo. Na dawa yoyote, hata ya miti, niulize kwanza."

"Damu ya nani, daktari? Sindano ni yangu."

"Na bomba?"

Daktari alichomoa sindano kwenye bomba lake, akaliinua. "Hili hapa, la kuvutia dawa. Kila mtu huja na lake?"

Kwa Kiilu lilikuwa moja, la kioo. Kiilu alilisuuza kwa maji ya chai, akapachika sindano ya anayefuata.

Benta hakuuliza kama atapona. Alikuwa akimkumbuka aliyekaa nyuma yake kwenye foleni, mara mbili: Auma, mdogo wake, ambaye yeye mwenyewe alimpeleka.

Alimkuta sokoni Githurai, akipanga nyanya.

"Dada, hayo macho umepaka nini?"

Benta alimwambia yote palepale, kwa Kijaluo, polepole. Auma alibaki na nyanya mkononi.

"Miaka mitatu, na unanipeleka kwa Kiilu?"

"Nilidhani ni sindano tu."

Auma aliushika mkono wake pale alipodungwa, kama unauma upya. Hakulia.

"Jumatatu utanipeleka nipimwe," alisema hatimaye, akifunika nyanya kwa gunia. "Sasa twende Ruiru tukawaambie watu. Leo Jumamosi, foleni ya Kiilu imejaa."