Taa ya Dainamo

Taa ya binti yangu ilizima kwenye kona ya lango la maji, na mkwe wangu akacheka.

"Umeona, Mama? Kasimama."

Akainuka kitini, akafunga mlango, akachomoa ufunguo na kuutia kwenye mfuko wa shati. Kisha akarudi dirishani, akakunja nne kama mtu aliyelipa kiingilio.

Niliegemeza paji la uso kwenye nondo za dirisha. Kwetu ni tambarare kama meza: mbuga ya nyasi na matete, maziwa mawili, mifereji, na juu ya tuta la mfereji mkubwa, barabara ya changarawe. Hakuna kilima wala mti wa kumficha mtu. Mwenye taa huonekana tangu anapolipita ziwa la mbali, na dirishani petu huwa kama kimulimuli anayekuja polepole. Sasa hakukuwa na kitu. Giza tu, na vyura.

"Labda kapata pancha, baba," nilisema.

"Pancha hiyo ina ndevu?"

Binti yangu anauza mikate. Kila mchana alikuwa akipakia makasha kwenye karia ya baiskeli na kuwapelekea wakata matete, wafuga samaki na walinzi wa malango ya maji, watu wanaoishi mbali na duka lolote. Kazi hiyo aliianza akiwa bado kwangu. Mimi ni mtu wa hofu. Siku ya kwanza nilimfuata kwa miguu juu ya tuta mpaka pumzi ikaniishia, wala hakugeuka. Jioni akaniambia, "Mama, changarawe ni kama kuku. Ukiikamata kwa nguvu inakukimbia." Usukani aliushika kwa vidole tu. Kwenye kona hakubana breki. Alifuata ule mstari mwembamba uliolazwa na magurudumu ya mikokoteni, na kwa mlio wa tairi alijua kama tuta limelowa chini.

Ulimi alikuwa nao. Mzee mmoja, mlinzi wa lango, alipolalamika kwamba mkate umebonyea, alimjibu, "Hata wewe umebonyea, mzee wangu, mbona mkeo hajakurudisha dukani?" Yule mzee alicheka mpaka akaketi chini, na tangu siku hiyo hakununua mkate kwa mtu mwingine.

Dainamo alifungiwa na mumewe walipooana tu. Ilikuwa zawadi. Ni kidude kinachoegemea tairi la mbele: gurudumu likizunguka taa inawaka, likisimama inazima. Majirani walisema huyo ndiye mume. Mimi nilikuja kuona kazi yake nilipohamia kwao, baada ya paa langu kuanguka. Mkwe wangu ni fundi wa pampu za maji, na akitoka kazini hana pa kwenda isipokuwa kile kiti cha dirishani. Taa ikizima, hata kwa muda wa kupiga chafya, alimsubiri mlangoni.

"Pale darajani ulisimama. Na nani?"

"Cheni ilitoka."

"Ilitoka kwenda wapi?"

Ni mcheshi, na hapo ndipo penye ubaya. Mbele ya wageni alisema, "Mke wangu ni basi, ana vituo vyake," wageni wakavunjika mbavu, na binti yangu naye akacheka huku akimimina chai. Siku aliyoonekana na kituo, alilala nje juu ya makasha ya mikate. Basi akajifunza kutosimama. Haja ikimbana, alivumilia. Mvua ikimpiga, alizidi kukanyaga pedali. Wateja wa njia ya kurudi aliacha kuwaamkia, akawa anawapungia mkono tu. Ule ulimi ukakauka. Niliuona ukikauka, nikaendelea kumenya vitunguu.

Usiku ule niliomba ufunguo tena na tena.

"Baba, nakushika miguu."

"Shika, Mama. Kuna baridi."

Akalala pale pale kitini, kiganja juu ya mfuko. Mimi sikuketi. Kila kimulimuli nilidhani ni taa yake.

Kulipopambazuka tukasikia mkokoteni. Ni yule mzee wa lango, anausukuma mwenyewe, na binti yangu amelala juu yake kando ya baiskeli, midomo imebadilika rangi, matope kwenye nywele, mguu mmoja umegeuka kama si wake. Mzee alikuwa amemkuta chini ya tuta, kwenye matete, maji kiunoni. Tairi la nyuma lilipasuka kule ziwa la mbali. Njia yote ile alikuja juu ya rimu tupu, na kwenye kona rimu ikateleza.

"Nimemuuliza, mwanangu, kwa nini hukushuka ukasukuma?" Mzee aliishusha mikono ya mkokoteni. "Ananiambia taa ingezima."

Mkwe wangu alikuwa ameshafungua mlango. Alimtazama mkewe, akamgeukia mzee.

"Ulimkuta peke yake?"

"Na vyura," mzee akajibu.

Tulimbeba ndani, mimi na mzee. Mzee alisema tabibu ameshaitwa, akaanza kuchana shuka aufunge mguu. Nilidhani mwenye mke atakuja kushika hata kichwa. Alibaki nje na baiskeli. Aliipindua ikasimama kwa kiti na usukani, akachuchumaa, akalizungusha gurudumu la mbele kwa kiganja. Taa ikawaka, hafifu, asubuhi kweupe. Akazungusha tena, ameinamisha sikio. Alikuwa akiipima kama ni nzima, apate pa kumshika mkewe.

Ufunguo ulikuwa umebaki kwenye kitasa, upande wa ndani. Niliusukuma mlango taratibu, nikafunga.

Gurudumu likanyamaza. Kitasa kikashuka, kikapanda.

"Mama? Mlango umejifunga."

Nikachomoa ufunguo.

"Mama, fungua. Huu ni mlango wangu."

Binti yangu akafumbua macho. Meno yalikuwa yanagongana. "Nani huyo?"

"Si mtu. Lala."

"Mama, mfungulie." Alinikamata kiwiko mpaka kucha zikaingia, yeye aliyekuwa akishika usukani kwa vidole tu. "Mfungulie upesi. Atauliza tulikuwa na nani."

Mzee akainamisha uso kwenye ile shuka. Nikautia ufunguo kifuani, nikamvutia mwanangu blanketi mpaka kidevuni. Nje aligonga, akaita, akagonga tena. Tukamwacha agonge.