Nilimwambia Mara Tatu

Jentrix alianza kusoma Kiingereza akiwa na miaka thelathini na minane, katika ukumbi wa kanisa la mabati kule Kianda, Kibera, kila Alhamisi jioni akishamaliza kufua nguo za watu. Shule aliiachia darasa la tano huko kwao Malava. Alichotaka hakikuwa kikubwa. Wanawake aliowafulia walimtumia maagizo ya Kiingereza kwa simu, naye alikuwa amechoka kubisha kwa majirani wamsomee.

Mwalimu wao aliitwa Bridgit, msichana mpole mwenye sauti kubwa. Vitenzi vya kawaida havikuwasumbua: unabandika "-ed" mwishoni, kazi imekwisha. Shida ilikuja na vile vikaidi. "Go" inageuka "went". "See" inageuka "saw". "Tell" inageuka "told". Wanawake kumi na wawili waliviimba kama pambio huku wakicheka, na Jentrix akaendelea kuviimba akisugua kola za mashati mpaka vikamganda kichwani.

"Wiki ijayo kila mtu akuje na karatasi yoyote ya Kiingereza ako nayo kwa nyumba," Bridgit aliwaambia siku moja. "Tutatafuta hizi verbs zimejificha wapi."

Jentrix alikuwa na karatasi moja tu: nakala ya maelezo aliyoandikisha polisi miaka miwili nyuma, alipokuwa akikaa Kawangware, ukuta ulipomwangukia Trizah.

Trizah alikuwa mtoto wake wa pekee, miaka tisa. Siku hiyo hakwenda shule kwa sababu ya homa. Saa tisa alasiri, mvua ikinyesha, Jentrix alitoka kumnunulia dawa. Aliporudi, ukuta wa ua wa ile ploti ya vyumba vya kupanga ulikuwa umelalia chumba chao. Polisi alimuuliza maswali kwa Kiswahili, akaandika kwa Kiingereza, akamwonyesha mahali pa kuweka sahihi. Siku ile angeweka sahihi popote.

Baada ya mazishi mumewe Maurice, fundi wa kujenga ambaye miezi hiyo alikuwa akifanya kazi mbali, alienda kituoni peke yake kufuata kesi. Alirudi na ile nakala, akaitupa kitandani.

"Umeniulia mtoto," alisema, akaanza kukusanya nguo zake.

Jentrix alidhani ni uchungu unaongea. Hakupata nafasi ya kumuuliza alisomewa nini huko.

Sasa, ukumbini, alipitisha kidole chini ya kila mstari. "I saw the crack." Niliona ufa. Hiyo ilikuwa kweli. "I thought it was small." Nilidhani ni mdogo. Hapo akasita, maana hakukumbuka kusema hivyo. Akatafuta "told" asiione. Alichokiona ni "I did not tell the landlord."

Akainua mkono. "Mwalimu, hii 'tell' mbona haijageuka?"

Bridgit aliinama begani pake. "Ni juu ya 'did not'. Ikiwa nayo, verb inabaki tu vile ilikuwa. Lakini bado ni kitu kilishapita."

"Kwa hivyo inasema aje?"

"Inasema, sikumwambia mwenye ploti."

Wengine waliendelea kusoma kwa sauti zao. Jentrix alirudisha kidole mwanzo wa ule mstari.

"Lakini nilimwambia," alisema. "Mwalimu, Gachanja nilimwambia mara tatu. Ya mwisho nilimpeleka mpaka hapo kwa ukuta, akauona na macho yake. Akasema mvua ikiisha ataleta fundi."

Bridgit alisoma karatasi yote, kisha akavuta kiti akaketi. Hakufundisha tena siku hiyo.

Jumatatu walienda kituoni pamoja. Askari aliyeandika yale maelezo alikuwa ameshahamishwa. Faili ilifungwa zamani: ajali.

"Mama, hii sahihi ni ya nani?" askari wa zamu aliuliza.

"Ni yangu."

"Basi."

Kama mwandishi alikosea kwa haraka, au Gachanja alikuwa amempitia kwanza na hongo, hakukuwa na wa kumjibu. Ila njia nzima ya kurudi Jentrix hakumwaza Gachanja. Alimwaza Maurice, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akijua kwamba mkewe aliona ufa, akanyamaza, akamlaza mtoto chini yake.

Kwa mdomo, Maurice angesema anajitetea. Yeye aliamini karatasi, basi atapelekewa karatasi. Jentrix aliandika jioni nne, akifuta na kurudia. "I told him in January. I told him again in March. In April I took him to the wall and he saw it."

Maurice siku hizi alikuwa akiishi na mke mwingine mtaa wa Kambi Muru. Jentrix alimkuta kazini, akipiga plasta nyumba ya mtu.

"Baba Trizah."

Mwiko ulisimama. Jentrix alisoma mstari kwa Kiingereza, kisha akauweka kwa Kiswahili, hadi mwisho. Maurice alisikiliza bila kugeuka.

"Ile ya polisi ilikuwa na muhuri," alisema. "Yako haina."

"Nilipomwambia Gachanja, huo muhuri haukuwepo. Mimi ndiye nilikuwepo."

"Si ungesema hivyo wakati huo?"

"Ulinipatia nafasi?"

Maurice alichota mchanganyiko mwingine, akaupaka, akaulainisha mahali palipokuwa laini tayari. Jentrix aliweka karatasi juu ya mfuko wa simiti, akaikandamiza kwa jiwe, akaenda zake.

Wiki chache baadaye, mama mmoja wa duka la kutoa kopi, aliyewajua wote wawili, alimweleza Jentrix kwamba Maurice alifika kwake na karatasi imejaa alama za vidole vya simiti. Aliomba asomewe, halafu asomewe tena. Mwishowe aliuliza ni ofisi gani mjini inaweza kuipiga muhuri. Yule mama alimwambia hajui.

Jentrix alingoja mwezi huo wote, na uliofuata. Maurice hakuja.