Mama Shavu, mwalimu wa shabaha aliyehamia bega la kushoto

Saa moja asubuhi, nyasi za uwanja wa shabaha bado zina umande. Mwanamke mfupi aliyevaa kizibao chenye mifuko mikubwa amesimama nusu hatua nyuma ya mwanafunzi wake. Wote wawili wamevaa vikinga masikio na miwani ya plastiki ngumu.

"Rusha!" mwanafunzi anaita.

Kutoka kibanda cha kushoto kinachomoka kisahani cha udongo, rangi ya chungwa, kinachoweza kuenea kiganjani. Kinakatiza mbele yao kuelekea kulia. Bunduki inalia, marisau yake madogo yanatawanyika angani. Kisahani kinaendelea na safari yake kana kwamba hakijasikia lolote, kisha kinatua nyasini kikiwa kizima.

"Umepiga wapi?" mwalimu anauliza.

"Nimepiga penyewe kabisa, mwalimu."

"Ndiyo maana umekikosa. Ulipiga penyewe, lakini marisau yalipofika, mwenyewe alikuwa ameshahama."

Mwanafunzi, binti anayefanya kazi katika duka la mikate, anacheka mpaka anashusha mtutu chini. Mwalimu hacheki. Anamsubiri atulie, kisha anamweleza tena, taratibu: aanze nyuma ya kisahani, akifuate, akipite, afyatue akiwa mbele yake, na baada ya kufyatua asisimame.

"Watu wengi wakishafyatua wanasimama kutazama walichofanya," anasema. "Mkono ukisimama, risasi inabaki nyuma. Endelea kuzunguka kama vile hujapiga bado. Na shavu! Shavu kwenye mti wa bunduki!"

Safari hii kisahani kinageuka vumbi angani. Binti anaruka. Mwalimu anamgusa mkono kumkumbusha kwamba bunduki bado iko mikononi.

Kwa sababu ya neno hilo moja analolirudia kutwa nzima, hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanafunzi, wafanyakazi wenzake, hata anayeleta maji ya kunywa, wote wanamwita Mama Shavu.

Ana miaka arobaini na tisa. Aliingia uwanjani hapa akiwa kijana, akapewa kazi ya kujaza visahani kwenye mashine za kurushia. Alipenda kuvitazama vikiruka kuliko kitu kingine chochote, na mwalimu wa wakati huo alipomwona anavitazama hivyo, akampa bunduki ajaribu. Amefundisha hapa kwa zaidi ya nusu ya maisha yake.

Anapoichukua bunduki mwenyewe ili kumwonyesha mwanafunzi, mgeni hawezi kugundua jambo lolote. Anaiweka bega la kushoto, kama mashoto yeyote. Lakini Mama Shavu si mashoto. Anaandika kwa mkono wa kulia, anakata vitunguu kwa mkono wa kulia, na mpaka miaka mitatu iliyopita alipiga shabaha kwa bega la kulia.

"Nilikuwa nafundisha, hivi hivi kama leo," anasimulia. "Nikaona kama pazia jeusi linateremka upande mmoja. Nikadhani miwani imechafuka. Nikaifuta. Nikaifuta tena. Nikaivua, pazia bado lipo."

Hospitalini aliambiwa kwamba ngozi nyembamba iliyo nyuma ya jicho la kulia, ile inayopokea mwanga, imebanduka. Daktari alimweleza kwamba hakuna aliyekosea. Hali hiyo humpata mtu yeyote. Walimfanyia upasuaji mara mbili. Jicho likabaki linatofautisha mwanga na giza tu.

Nyumbani, siku ya kwanza baada ya kufunguliwa bandeji, alishika birika ili amwandalie mumewe chai.

"Nilimimina yote mezani," anasema, na hapo ndipo anapocheka kwa mara ya kwanza. "Kikombe kiko pembeni kinanitazama. Ukibaki na jicho moja, hujui kitu kiko karibu au mbali. Sasa fikiria, kama kikombe kilichotulia kimenishinda, kisahani kinachoruka nitakiweza?"

Meneja wa uwanja alifikiria hivyo hivyo. Hakuwa mtu mbaya, Mama Shavu anasisitiza. Alikuja nyumbani na matunda, akakaa, akamwambia kuna nafasi mapokezi na mshahara wake hautaguswa.

"Nilimwambia asante. Halafu nikamwomba aniachie kazi yangu mpaka mtihani."

Kila baada ya muda, walimu wa shabaha hupimwa upya na chama chao. Mwalimu hupigishwa visahani ishirini na vitano mbele ya wasimamizi, na asipovunja angalau kumi na nane, leseni yake haihuishwi. Daktari alimruhusu kurudi uwanjani kidonda kilipopona, kwa masharti ya kutumia risasi nyepesi na kutovua miwani ya kinga hata mara moja.

Tatizo halikuwa kuona tu. Bunduki ya marisau haina kipimo cha kuchungulia kama bunduki ya risasi moja. Mpigaji hatazami mtutu, anatazama kisahani, na jicho lililo juu ya mtutu ndilo linaloupeleka. Bunduki ikikaa bega la kulia huku jicho linaloona ni la kushoto, mtutu unaelekea kwingine na macho kwingine. Ilibidi ahame bega. Na kuhama bega ni kuhamisha kila kitu: mguu wa mbele, mkono wa kubeba, kidole cha kufyatua, shavu.

"Nilimwambia ukweli," anasema mwalimu mwenzake, mwanajeshi mstaafu ambaye hapa uwanjani wanamwita Afande. "Nikamwambia, dada, umri wetu huu ni kuanza darasa la kwanza upya. Akaniuliza, 'Kwani darasa la kwanza lina ubaya gani?'"

Alianza na mpini wa fagio. Mumewe ni fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho karakana, chenye kioo kirefu cha wateja kujitazamia. Kila asubuhi alisimama mbele ya kioo hicho, akaupandisha mpini begani na shavuni, akaushusha, akaupandisha tena. Mteja mmoja aliyekuja kupima suruali alifungua mlango, akanyoosha mikono juu.

Mumewe ni mtu wa maneno machache. "Sikujua la kumwambia," anasema, uzi ukiwa mdomoni. "Nikaona kizibao chake kina kipande cha ngozi bega la kulia, pale bunduki inapokaa. Nikakifumua, nikakishona upande wa pili. Ndilo nililoliweza."

Mama Shavu anasema alipokikuta kizibao kimening'inizwa mlangoni, ngozi ikiwa kushoto, alijua kwamba hakuna kurudi nyuma.

Hata hivyo, mtihani wa kwanza alishindwa. Visahani vya kwenda mbele alivivunja vingi, vya kutoka kushoto pia. Vilivyotoka kibanda cha kulia vilimpita vyote isipokuwa kimoja. Upande huo sasa ulikuwa giza. Kisahani kilipochomoza nyuma ya pua yake kilikuwa kimeshafika mbali, naye akakikurupukia. Tena kwa mtu wa bega la kushoto, kisahani kinachotoka kulia kwenda kushoto ndicho kigumu zaidi, kwa kuwa bunduki inapozungushwa huko inavutwa kuachana na shavu.

"Nililia chooni, sitaki kukudanganya," anasema. "Halafu nikanawa uso, nikaenda kusafisha bunduki. Kutu haijali kama umeshinda au umeshindwa."

Meneja alimpa nafasi moja zaidi, mtihani wa msimu uliofuata. Ikishindikana hiyo, mapokezi.

Jibu lilitokea barabarani. Alikuwa ametoka kliniki ya macho na wifi yake, msusi, dada wa mumewe. Alipokanyaga barabara, pikipiki ikatokea upande wa kulia. Wifi akamvuta kwa blauzi, vifungo viwili vikakatika.

"Wifi! Unataka kaka yangu aoe tena?" alimfokea. "Mimi sina nguvu za kuzoea wifi mwingine!"

Walipofika upande wa pili wakiwa bado wanahema, msusi akaendelea kumsomea. "Usingoje kitu kikufuate jichoni. Kipelekee uso wote kwanza, ndiyo unyanyue mguu."

Mama Shavu akasimama katikati ya watu. Wifi akadhani ameumia.

"Nikamwambia, rudia hapo. Akarudia. Nikamkumbatia pale pale njiani, yeye anadhani nimechanganyikiwa."

Alichokielewa ni hiki. Siku zote alikuwa anaita "Rusha!" bunduki ikiwa tayari shavuni. Shavu likishaganda kwenye mti, uso haugeuki tena, na upande wa kulia unabaki giza. Basi aanze na bunduki chini, kitako kikiwa usawa wa kiuno, uso mzima ameuelekeza kibandani. Jicho likikamata kisahani ndipo apandishe bunduki, huku akizunguka. Na miguu aielekeze pale atakapokivunjia, si pale kinapotokea, ili mwili ukifunguka uishie mahali penye nguvu.

Afande alimrushia visahani kabla ya wanafunzi kufika na baada ya wao kuondoka. "Alikuwa anaondoka na shavu limevimba," anakumbuka. "Nikamwambia, pumzika kesho. Kesho namkuta ameshafungua mashine."

Siku ya mtihani wa pili kulikuwa na manyunyu. Wasimamizi walisimama chini ya turubai, meneja pembeni yao, fundi na dada yake nyuma ya uzio. Kisahani cha kwanza kutoka kulia Mama Shavu alikikosa.

"Wifi yangu aliziba uso," anasema. "Mimi nilijua kosa langu. Nilisimamisha mkono. Nilimsikia Mama Shavu kichwani akinipigia kelele."

Cha pili kilisambaratika. Cha tatu vilevile. Vilivyofuata kutoka kulia hakuna hata kimoja kilichofika chini kizima. Alihitaji kumi na nane, alivunja ishirini. Meneja alikuja kumpa mkono, akamvulia kofia.

Mambo hayajawa mepesi yote. Ngazi bado anashuka polepole, na chai humimina mumewe. Kila baada ya miezi mitatu jicho la kushoto huchunguzwa, kwa kuwa daktari amemwonya kwamba ngozi yake nayo inaweza kubanduka siku moja. Akiulizwa atafanya nini likitokea hilo, anafunga mkanda wa mfuko wa bunduki kabla ya kujibu.

"Sijui. Ila leo linaona, na leo nina wanafunzi sita."

Ufundishaji wake umebadilika. Mwanafunzi mpya hagusi bunduki kabla hajaambiwa anyooshe kidole gumba kuelekea nguzo ya mbali, kisha afumbe jicho moja moja, ili ijulikane jicho lipi ndilo linaloongoza. Tayari amewahamisha bega watu watatu waliokuwa wameambiwa hawana kipaji. Wanawake wawili wenye jicho moja wamempigia simu kutoka mji mwingine, naye amewatengea siku ya Jumamosi.

Na kuna mashindano ya wazi mwishoni mwa mwaka, yanayokutanisha wapigaji wa kila aina. Waandaaji walimpendekezea ashiriki kundi la watu wenye ulemavu. Alikataa kwa heshima, akajiandikisha kundi la wote.

"Sitaki mtu aseme, 'Kwa mwenye jicho moja, amejitahidi,'" anasema, akitembea kuelekea kibanda cha kulia kwenda kujaza mashine. "Nataka arudi kwao amekasirika kwamba nimemshinda."