Ubao Uliosema Salama

Saa moja na robo asubuhi, hata mkoba hajautua begani, Sidi Ngala amesimama mbele ya skrini mbili kwenye ghorofa ya pili ya nyumba kongwe ya Ndia Kuu, Mji wa Kale. Chini, mtu anapiga deki baraza na maji yanachuruzika barabarani. Juu, skrini zimejaa vijisanduku ishirini na vitatu, na vyote vimewaka kijani.

Mwingine angeshusha pumzi akaagiza chai. Sidi hashushi. Anatoa simu, anatazama kama ujumbe wa saa moja umeingia. Umeingia. Ndipo anapovuta kiti.

"Kijani sikiamini tena," asema. "Kijani kiliniaibisha mimi."

Sidi, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja, ni mzaliwa wa Kaloleni. Kazi yake ni kuangalia mashine za wenyewe. Maduka, zahanati na mawakala wa mizigo wana programu zinazokaa kwenye seva, yaani kompyuta zisizozimwa usiku wala mchana. Sidi huwatengenezea dashibodi, ubao wa skrini unaoonyesha kama programu inajibu upesi, inakosea mara ngapi, na kama imeelemewa. Mambo yakiharibika, kisanduku hugeuka chekundu na simu yake hulia.

Kazi hiyo humpa shilingi elfu sitini na tano kwa mwezi. "Mamangu hadi leo huwaambia watu kwamba natengeneza televisheni," asema, akicheka. Kicheko chenyewe hakidumu.

Mwaka jana kampuni yao, watu sita kwa jumla, ilipata kazi ya maabara moja ya binafsi hapa kisiwani. Maabara hiyo, ambayo hatutaitaja, huwapelekea wagonjwa majibu ya vipimo kwa ujumbe wa simu. Sidi alikaa wiki tatu akiijenga dashibodi, na akaipamba kama bibi harusi.

Pambo alilojivunia zaidi lilikuwa la maneno. Kila nusu dakika ubao ulipaswa kuiuliza programu kama iko hai. Wengine huandika hayo kwa Kiingereza. Sidi aliandika kwa lugha ya mji. Ubao uliuliza, "Waambaje?" Programu ikajibu, "Salama."

Mkuu wake, Joab, mtu wa Bungoma aliyekaa Mombasa miaka kumi na minane, alicheka mpaka akafuta machozi. "Nilimwambia, wewe Sidi, hata seva umeifundisha adabu!"

Adabu ndiyo iliyowaponza. Mtu wa pwani ukimuuliza habari, nzuri hutangulia. Ana msiba, nzuri. Paa limeng'oka, nzuri. Ukiwa na subira, ndipo huja "lakini", na habari yenyewe huwa imo humo. Kila mtoto aliyelelewa hapa alijua hilo kabla ya kujua kusoma. Ubao wa Sidi haukuwa na subira. Uliuliza, ukapokea "Salama", ukawaka kijani, ukaenda zake.

Jumatatu moja ya Machi, kibali cha programu cha kutuma ujumbe kiliisha muda wake. Programu haikuzimika. Iliendelea kupokea majibu kutoka kwa wahudumu wa maabara, ikayapanga kwenye foleni, na foleni isisogee hata hatua moja. Waambaje? Salama. Waambaje? Salama. Siku nne nzima, majibu mia nne na kumi na mawili yakakwama.

"Nilikuwa na kisanduku cha kuhesabu hiyo foleni," asema Sidi, macho yakiwa kwenye kucha zake. "Kilikuwa kikilialia kwa vitu vidogo vidogo. Kinaharibu ubao. Nikakiondoa ukurasa wa mbele, nikakitupa nyuma, nikaizima na kengele yake. Haki ya Mungu, ni urembo tu niliutaka. Nilitaka uwe kijani wote."

Kati ya wenye majibu hayo mia nne na kumi na mawili alikuwamo Bi Swafia Athmani, mama wa miaka hamsini na minane anayeuza mahamri na viazi karai Makadara. Si mgeni kwa Sidi hata kidogo. Kwa miaka minne Sidi alikuwa akinunua staftahi kwake kila asubuhi, akielekea kazini.

Bi Swafia ana maradhi ya sukari, na mwezi huo alikuwa na kidonda mguuni kisichotaka kupona. Maabara ilichukua usaha kupima ni dawa gani itakayofaa. Jibu lilitoka siku ile ile ya Jumatatu. Lilisema dawa anayomeza haimfai, na abadilishiwe haraka. Likaingia kwenye foleni, likalala.

Na Jumanne, na Jumatano, na Alhamisi, Sidi alisimama mbele ya karai la Bi Swafia.

"Shikamoo, Bi Swafia. Waambaje?"

"Marahaba, mwanangu. Salama."

Akachukua mahamri yake manne, akapanda ngazi kwenda kutazama kijani chake.

"Mguu ulikuwa umefungwa kitambaa. Nilikiona," asema. "Siku zote tatu nilikiona. Nikamuuliza, akanijibu salama, nikageuka. Mimi na ule ubao tulikuwa kitu kimoja."

Ijumaa mgonjwa mmoja alipiga simu maabara kufoka, na kufikia saa nne foleni ilikuwa imegunduliwa na kufunguliwa. Ujumbe ukamiminika kwa wenyewe. Wa Bi Swafia ulimkuta amelazwa. Vidole viwili vya mguu wa kushoto vilikatwa siku iliyofuata.

Sidi alizipata habari kwa muuza leso wa jirani, alipokuta kona haina karai wala moshi. "Maskini, alikuwa akingojea majibu," yule mama alimwambia, akaitaja na maabara. "Alisema, wangekuwa na neno wangeniita. Kimya chao akakihesabu ni heri."

Sidi alitamani ardhi ipasuke. Lakini Jumatatu, alipotakiwa kuandika ripoti ya kilichotokea, aliandika maneno matatu: hitilafu ya mtandao. Mtandao hauna mdomo wa kujitetea.

Ilimchukua wiki mbili kumwambia Joab ukweli. Joab mwenyewe hamung'unyi maneno. "Nilikasirika sana. Si kwa kosa, maana mimi nimefanya makubwa kuliko hilo. Nilikasirika kwa zile wiki mbili." Ripoti iliandikwa upya na kupelekwa maabara, jina la Sidi likiwa chini.

Kwa Bi Swafia, lo! huko miguu ilikataa. Mama wa watu alirudi kwenye kona yake mwezi wa Mei, amekaa kwenye kiti cha plastiki, mguu ameunyoosha. Sidi akaanza kuzunguka kwa Barabara ya Nkrumah, dakika kumi zaidi kila asubuhi, ili asipite Makadara. Siku moja nusura wakutane, akajibanza nyuma ya tuktuk iliyoegeshwa.

"Mtu mzima na digrii yangu, nimechutama nyuma ya tuktuk," asema. "Dereva akaniuliza kama nimeangusha kitu. Nikamwambia ndiyo."

Jumatatu ya wiki hii alikata shauri. Alimwomba mwandishi wa makala haya amsindikize, asije akageukia njiani.

Sidi anapomwamkia, Bi Swafia anageuza mahamri, hainui uso. "Marahaba," aitikia. "Kumbe hujahama mji."

Sidi anaanza kueleza, na maneno yanamtoka ovyo: ubao, foleni, kengele aliyoizima kwa mkono wake. Mwisho anayaacha yote. "Majibu yako yalikuwa kwangu, bi. Siku nne. Nilikuwa nikipita hapa, nanunua mahamri, nayo yako kwangu."

Bi Swafia anaweka upawa chini. "Yale majibu?"

"Yale."

"Mimi nikawaapiza watu wa maabara."

"Si wao. Ni mimi."

Mteja anataka viazi vya hamsini. Bi Swafia anamfungia, anamtilia ukwaju, anampa. Kisha anafuta mikono kwa leso, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Mwezi mzima naambiwa wazunguka kule Nkrumah," asema. "Nikasema, huyu mwana aona kinyaa kwa mguu wangu. Nikaanza kuufinika, wateja wengine nao wasije wakakimbia. Jua lote lile, mguu niko nao ndani ya leso. Kwa ajili yako wewe."

Sidi anajifunika uso kwa viganja na kulia, pale pale, watu wakitazama. Kwamba alimkatisha vidole, hilo alikuwa akilijua. Kwamba alimfanya auonee haya mwili wake mwenyewe, hilo hakulijua mpaka saa ile.

"Sijakusamehe," asema Bi Swafia. "Usende ukaandika huko kwenye ubao wako kwamba Bi Swafia kasema salama. Vidole vilikuwa vyangu. Lakini usinizunguke tena. Njia ni hii."

Ofisini, ubao wa maabara si ule tena. Kila saa programu hutuma ujumbe wa kweli, kwa njia ile ile ya majibu ya wagonjwa, hadi kwenye simu ya Sidi. Usipofika kwa dakika tano, ubao mzima hugeuka mwekundu. Kisanduku cha foleni kimerudi mbele, kikubwa kuliko vyote, na Sidi amekipa jina: Lakini.

Mpango wake ni kwamba kufikia Disemba, wateja wao wote tisa wawe nacho. Wawili wamekubali. Wengine wanalalamika kwamba kinaharibu sura ya ubao. "Nawaelewa," asema. "Nilikuwa hivyo hivyo."

Jumanne asubuhi, Sidi yuko tena Makadara.

"Shikamoo, Bi Swafia. Waambaje?"

"Marahaba. Salama."

Anapokea mahamri yake manne, analipa, hasogei. Nyuma yake watu wanaanza kunung'unika. Bi Swafia anageuza mahamri, anamtupia jicho, anageuza mengine. Sidi bado yupo.

"Lakini," asema Bi Swafia hatimaye, sauti ameishusha, "huu wa kulia nao waanza kufa ganzi."

"Tangu lini?"

"Yapata wiki."

Sidi tayari ameshatoa simu kumwambia Joab kwamba leo atachelewa. "Twende hospitali saa ngapi, bi?"

Bi Swafia anautazama unga uliobaki kwenye beseni.

"Saa tatu," asema. "Huu ukisha."