Mama na Mpira wa Bustani

Mama yangu alipokataa kunywa maji ya kwenye glasi, alikuwa ameshakaa nami Tunduma zaidi ya mwaka mmoja. Kabla ya hapo aliishi Mbebe, kule milimani Ileje, katika nyumba aliyoingia siku ya harusi yake. Tulimtoa huko baada ya majirani kumpigia simu kaka yangu na kumweleza kwamba mama alikuwa amewasha moto chini ya kitanda chake ili apate joto. Kaka ana watoto sita na nyumba ya vyumba viwili. Mimi sina mume wala mtoto, na nina nyumba yenye uzio, bomba la maji uani na kibustani cha mchicha na figili. Hatukujadiliana sana.

Ninafanya kazi mpakani, kwenye ofisi ya wakala wa forodha. Kutwa nzima nakagua makaratasi ya mizigo ya malori yanayovuka kwenda Zambia. Jioni nilikuwa narudi, namshukuru jirani aliyeshinda na mama, namwogesha mama, nampikia, namlisha, namlaza. Kesho yake hivyo hivyo. Watu wakiniuliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" nilijibu, "Tunamshukuru Mungu." Wakiniuliza, "Na wewe mwenyewe?" nilijibu hivyo hivyo. Sikuwa na huzuni. Sikuwa na hasira pia. Nilikuwa kama mkono ulioulalia: unauona ni wako, lakini ukiufinya husikii kitu.

"Yananuka dawa," mama alisema kuhusu yale maji ya glasi. Nilichemsha mengine, nikayapoza, nikayaweka kwenye mtungi wa udongo. Akayatema. Nilijaribu chai, akanywa mafunda mawili, akamwaga iliyobaki kwenye sakafu. Kisha Jumamosi moja nikamkuta bustanini amepiga magoti katikati ya mchicha, ameshika mpira wa kumwagilia kwa mikono miwili, anakunywa. Alikunywa kama mtu aliyetoka kulima, huku maji yakimlowesha kifua chote. Kule Mbebe baba alikuwa ameitegea chemchemi kipande cha mwanzi, na sisi sote tulikunywa kwa kuinama pale. Labda mpira ulimrudisha huko. Sijui, hakuniambia.

Tangu siku hiyo hakutaka maji mengine. Mvua zilipokolea, bomba letu likaanza kutoa maji ya rangi ya chai ya maziwa, na ule mpira ulikuwa umelala kwenye tope kuku wanapopita. Mama akaharisha. Nikampeleka hospitali, akapewa dawa, tukarudi. Wiki ya pili akaharisha tena, safari hii akalazwa siku tatu, ametundikiwa dripu.

"Mzuie asinywe huko nje," muuguzi aliniambia.

"Nimejaribu. Nikifunga koki anapiga kelele mpaka majirani wanatoka. Nikiuficha mpira anautafuta mpaka anaanguka."

Muuguzi alifunga faili la mama. Alikuwa mwanamke wa rika langu, na nadhani aliona kwamba nilikuwa namweleza tu hali ilivyo. "Basi funga chujio kwenye huo mpira," alisema. "Halitaua kila kijidudu, usije ukajidanganya. Ila litazuia tope na kutu, na hiyo harufu anayoilalamikia itapungua. Nunua mpira mpya, na usiuache ulale chini. Maji ya kuchemsha endelea kumpa, hata akinywa kidogo."

Muuza duka la vifaa vya ujenzi karibu na mpaka alikuwa mtu wa ng'ambo, wa Nakonde. Aliniita bamayo, kama wanavyowaita akina mama kwao. Alinitolea kopo jeupe la plastiki lenye urefu wa mkono kutoka kiganjani hadi kiwikoni, lenye mdomo wa kufunga kila upande.

"Unaona mshale huu? Ufuate maji yanakokwenda. Ukiligeuza, utakuja kunilaumu bure. Na siku ya kwanza acha maji yatoke mpaka weusi uishe. Ndani kuna mkaa, lile ni vumbi lake tu."

Nikaitikia. Akarudia yote tangu mwanzo. Nafikiri uso wangu haukumwonyesha kama nilikuwa nimesikia.

Niliomba ruhusa ya siku moja kazini. Asubuhi nikamkalisha mama kwenye kiti cha plastiki uani, nikamfunika miguu kwa blanketi, kisha nikatandika gunia na kupanga vitu vyangu juu yake: chujio, mpira mpya, utepe mweupe wa mafundi bomba, spana na washa mbili za mpira, vile viduara vya kuzuia maji yasivuje. Nikaanza kuufungua mpira wa zamani. Kiungio chake kilikuwa kimeshikwa na kutu, ikabidi nisimame na kuning'inia kwenye spana.

"Karibu, fundi," mama alisema nyuma yangu.

Niligeuka nione nani ameingia. Hakukuwa na mtu. Fundi nilikuwa mimi.

"Asante, mama," nikajibu. Nilishaacha kumsahihisha. Kila nilipomwambia kuwa mimi ni binti yake alishtuka, akanitazama kama mtu anayedanganywa kwa ajili ya kuibiwa.

Nikazungusha utepe kwenye meno ya koki, mizunguko mitano, nikaukandamiza kwa kidole. Nilipogeuka kuchukua washa nikakuta imebaki moja. Nilitikisa gunia, nikapapasa kwenye nyasi, nikainua hata kuku aliyekuwa amelala pembeni. Kisha nikaona mkono wa mama. Alikuwa ameivaa kidoleni.

"Mama, naomba hiyo."

"Hii?" Aliufunga mkono, akauficha chini ya blanketi. "Hii ni pete yangu ya ndoa, fundi. Usinione mzee ukadhani sijui."

Niliingia stoo, nikatafuta tyubu ya baiskeli iliyochakaa, nikakata kipande na kukiviringisha kwa mkasi mpaka kikaingia. Ilinichukua muda, maana viwili vya kwanza vilitoka na pembe.

"Una mama, wewe fundi?" aliniuliza wakati nakata.

"Ninaye."

"Anakula?"

"Anakula kidogo."

"Mimi nina binti," alisema. Alizungumza polepole, Kiswahili chake kikiwa na ule mvuto wa Kindali cha kwetu ambao mimi niliuacha shuleni. "Anafanya kazi huko kwenye malori. Ananipikia. Ananiogesha kila siku, hajawahi kuniacha mchafu. Lakini hanitazami. Ananiosha kama anaosha sufuria."

Mkasi ulikuwa mkononi mwangu, nikaendelea kukata. Nilisikia maneno yale kama unavyosikia redio ya nyumba ya pili: kila neno linafika, lakini hujaambiwa wewe.

"Ukimwona, mwambie simlaumu," aliendelea. "Na mimi mama yangu nilimwosha hivyo hivyo."

"Nitamwambia," nilisema.

Nikafunga chujio kwenye koki, mshale ukielekea bustanini, kisha nikafunga mpira mpya kwenye mdomo wa pili. Nikafungua maji. Yalichuruzika kwenye kiungio, yakaingia kwenye mkono wa gauni langu mpaka kwapani. Nikakaza kwa spana, yakapungua, nikakaza tena, yakakoma. Kwenye ncha ya mpira yakaanza kutoka maji meusi.

"Fundi! Umeniletea masizi!"

"Subiri, mama. Yataisha."

Tulisubiri. Maji yalitoka meusi, yakawa ya kijivu, yakawa kama ya kuoshea mchele, halafu yakawa hayana rangi kabisa. Niliiacha mifereji ya mchicha ijae. Kisha nikaitundika ncha ya mpira kwenye panda la mpera, usawa wa kifua chake, nikamshika mkono na kumsogeza. Aliinama, akanywa kwa muda mrefu, akajifuta kidevu kwa upande wa khanga.

"Vipi?" nikauliza.

"Ni maji," alisema. Aliporudi kwenye kiti akaongeza, "Umefanya kazi, fundi. Kaa kidogo, binti yangu akirudi akupikie chai."

Niliingia ndani, nikabadilisha gauni lililolowa, nikapika chai. Nikatoka na vikombe viwili. Mama alinitazama kuanzia miguuni.

"Umerudi," alisema.

"Nimerudi."

"Fundi ameondoka sasa hivi. Mtu mzuri, ila hacheki."

Tukanywa chai. Alikimaliza kikombe chake chote. Jioni nilipomwogesha nilimtazama usoni. Nilifanya hivyo kwa sababu nilikuwa nimeambiwa, si kwamba kuna kitu kilifunguka ndani yangu. Yeye alikuwa amefumba macho, sabuni isimwingie. Nikaona kwamba ana kovu dogo juu ya nyusi, na sikujua alilipata wapi, na hakukuwa na mtu aliyebaki wa kumuuliza.

Hakuharisha tena mpaka mvua zikaisha. Kila asubuhi alikwenda mwenyewe kwenye mpera, akainama, akanywa, akarudi kuketi. Mara moja nililifungua chujio kulisafisha, nikakuta ndani tope limeganda, zito kama uji wa ulezi, nikashangaa kwamba lote hilo lingekuwa tumboni mwake. Nililisuuza kwenye beseni, nikalirudisha. Aliponiona na spana akanisalimu kwa heshima, akaniuliza kama mama yangu anaendelea kula.

Baridi ya katikati ya mwaka ilipokuja aliacha kutoka nje. Nilikuwa namkingia maji ya mpira kwenye kikombe na kumnywesha kwa kijiko, kisha hata kijiko akakikataa. Alifariki mchana, jirani akiwa amemshika mkono, mimi nikiwa kazini. Tulimzika Mbebe. Akina mama wa kule walilia kwa sauti, na mimi nilisimama kando ya kaka yangu, macho makavu. Nilisikia mmoja akisema nyuma yangu kwamba mjini kunakausha watu.

Jumatatu iliyofuata nilirudi ofisini. Wenzangu waliinuka mmoja mmoja kunipa pole, nikawashukuru, nikakaa. Malori yalikuwa yamejaa barabarani mpaka nje ya mji, na madereva walikuwa wamejipanga mlangoni na bahasha zao. Nilikagua makaratasi ya asubuhi yote ile, lori baada ya lori, na sikukosea hata namba moja.