Fortis kwa Msichana

Bi Uzi, kama mtaa mzima ulivyomwita, hakukanyaga darasa la Kilatini hata siku moja. Alilisikia tu. Ujanani alipiga pasi katika shule ya wavulana, na kati ya chumba chake na darasa palikuwa na ukuta wa mbao. Wavulana waliimba fortis, fortem, fortis, forti, naye pasi ikienda na kurudi. Waliokosea walichapwa. Yeye, huku nyuma, hakuwa akikosea.

Baadaye akawa fundi cherehani, na kwa miaka mingi ndiye aliyetarizi nembo za masweta ya shule hiyo: ngao, na chini yake neno FORTIS.

Shule ilipoanza kupokea wasichana, mwalimu mkuu alimfuata mwenyewe barazani.

"Mama, masweta ya wasichana weka ngao tu. Neno liache."

"Kwa nini, mwalimu?"

"Maana yake shujaa, mwenye nguvu. Ni la kiume hilo."

Bi Uzi akaondoa mguu kwenye cherehani.

"Hapo umeteleza, baba. Mwanamume mwema ni bonus, mwanamke ni bona. Lakini fortis ni yao wote wawili, kama hodari yetu. Baba hodari, mama hodari. Nani husema mhodari? Kwa kitu tu ndipo hugeuka, ikawa forte. Na hawa watoto si vitu."

"Nani kakufundisha?"

"Ukuta wenu."

Mwalimu hakucheka. "Anayeagiza ni mimi. Ngao tu."

"Basi tafuta mkono mwingine."

Akautafuta, akaupata. Mume wa Bi Uzi alishika kichwa: "Umeipiga teke riziki kwa neno moja!" Wiki tatu mkewe alishona mapazia, na asubuhi moja alivaa viatu aende kuomba radhi, akavivua.

Ndipo alipokuja msichana wa kidato cha kwanza, sweta mkononi.

"Shikamoo, bibi. Wavulana wanatucheka, eti sisi hatuna neno."

"Marahaba. Kaa. Wewe peke yako ni fortis. Mkiwa wengi, fortes. Sema."

Akasema, akatariziwa. Kesho yake wakaja wanne, halafu bweni zima.

Mwalimu mkuu aliwapanga uwanjani, akaamuru wafumue nyuzi papo hapo. Walisema hawana mkasi. Alipoleta mkasi, hakuna aliyenyoosha mkono kuupokea.

Kazi ya shule haikurudi kwa Bi Uzi. Ila siku moja adhuhuri, akipita kando ya uzio, aliwaona wasichana wakicheza mpira juani, jasho likiwatiririka, na hata mmoja hakuwa amevua sweta.